Akiba ya Takwimu za Ziwa: Barua ya Wazi kwa Maafisa Uvuvi, Watafiti na Viongozi wa BMU Mkoani Kigoma

Ndugu maafisa uvuvi wa Manispaa ya Kigoma Ujiji na wa Halmashauri za Wilaya za Kigoma na Uvinza. Ndugu watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) mlio hapa Kigoma. Wazee wetu na vijana mnaoongoza vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU), kuanzia Kagunga mpakani hadi mialo ya Uvinza,



Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta hapa Mwanga. Nawaandikia juu ya majedwali yenu: kilo za dagaa zilizoshuka mwaloni, migebuka na sangala, idadi ya mitumbwi iliyoingia majini, aina ya nyavu, usiku wa giza na usiku wa mbalamwezi. Zamani hayo yote yalikaa kwenye daftari. Sasa yanahamia kwenye kompyuta mpakato na simu, na njia inayopendwa ya kuyalinda ni programu ya kusawazisha folda: kilichomo kwenye kompyuta ya mwaloni kinakuwa hichohicho kwenye kompyuta ya ofisini, na cha ofisini kinarudi mwaloni, bila mtu kugusa kitu. Watu wakiona folda mbili zinafanana wanalala usingizi. Naomba msilale. Folda mbili zinazofuatana kila hatua ni sawa na folda moja iliyokaa mahali pawili, na kosa likiingia upande mmoja, upande wa pili utalipokea kwa utiifu uleule.

Mnajua kuliko mimi thamani ya majedwali hayo. Mwaka 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, uvuvi ulipumzishwa katika Ziwa Tanganyika. Kwa familia ya Katonga au Kibirizi inayoishi kwa dagaa, miezi mitatu si maneno ya semina. Ni ada ya shule, ni unga, ni deni dukani. Waliambiwa wavumilie ili samaki wazaliane na wakue. Mvuvi aliyevumilia ana haki ya kuuliza: je, samaki waliongezeka? Na swali hilo halina jibu lingine ila kuweka jedwali la kabla kando ya jedwali la baada. Likipotea la kabla, mwenye sauti kubwa mkutanini ndiye atakayeshinda, upande wowote atakaokuwa.

Na si miezi mitatu hiyo tu. Mwaka 1992 ulianza mradi wa utafiti wa uvuvi wa ziwa hili chini ya FAO kwa fedha za Finland, ukafanya kazi Bujumbura, Uvira, Mpulungu na hapa kwetu Kigoma. Mwaka 2003 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioeleza kwamba kuongezeka kwa joto kumepunguza uwezo wa ziwa wa kuchanganya maji yake ya juu na ya chini, na kwamba uzalishaji wa chakula cha samaki ulikuwa umeshuka kwa takriban asilimia 20. Kauli ya namna hiyo haitoki kwenye hesabu ya mwaka mmoja. Inatoka kwa watu waliopima, wakaandika, wakatunza, kisha wengine wakaja kusoma. Jedwali la leo la mwalo wa Muyobozi ni la mtu atakayelihitaji mwaka 2055.

Sasa niseme hasa hatari iko wapi, maana mafundi wengi tunapenda kusema "ukisawazisha uko salama" na kuondoka.

Tuseme karani anafungua faili la mwezi uliopita ili alitumie kama kiolezo cha mwezi huu. Anafuta tarakimu, anajaza mpya, anabonyeza kuhifadhi kwa jina lilelile. Mwezi uliopita umekufa. Katika folda isiyosawazishwa, umekufa kwenye kompyuta moja. Katika folda iliyosawazishwa njia mbili, unakufa pia ofisini, na kwa bosi, na kwenye simu ya mtu aliyeko safarini, kila kifaa kinapopata mtandao. Ndivyo ilivyo kwa folda iliyofutwa kwa bahati mbaya, na ndivyo ilivyo kwa virusi vya kufungia mafaili na kudai fidia, kama vile vya WannaCry vilivyoenea duniani Mei 2017: faili lililofungwa ni faili lililobadilika, na programu hupeleka kila lililobadilika.

Mtu atasema, mbona wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni, lina kapu la taka? Lina. Kwenye Google Drive, faili lililofutwa hukaa kapuni siku 30, kisha huondoka lenyewe. Linganisheni na kalenda yenu. Faili likifutwa siku ziwa linafungwa, na mtu wa kwanza kulitafuta akaja siku linafunguliwa, muda wa kapu umeisha zamani.

Wala sisemi kusawazisha ni kubaya. Kwa watu wawili wanaoandika ripoti moja, mmoja Ujiji na mwingine Uvinza, ni msaada mkubwa. Kosa ni kukipa chombo cha kushirikiana kazi ya kutunza akiba.

Kuna jambo lingine ambalo sijaona miongozo ya programu hizi ikilieleza kwa watu wa ziwa hili, nalo ni saa. Baadhi ya programu za kusawazisha huamua faili lipi liishi kwa kutazama lipi lilibadilishwa mwisho. Jipya linashinda, la zamani linafunikwa. Basi yote yanategemea saa ya kompyuta kusema kweli. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara inayoilinda saa umeme unapokatika. Kwenye mashine kuukuu betri hiyo imekwisha, na kila mashine inapozimika saa inarudi nyuma miaka. Mwenye intaneti haoni shida, kwa sababu saa inajirekebisha kutoka mtandaoni. Mwaloni pasipo mtandao hairekebishwi. Karani anaandika kazi ya leo, kompyuta inaibandika tarehe ya miaka kumi na tano iliyopita, na ikikutana na nakala ya jana ya ofisini, kazi ya leo ndiyo inayoonekana ya zamani. Inafunikwa. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna kengele. Betri hiyo ni ya bei ndogo, na fundi huibadilisha kwa dakika chache. Ingepaswa kubadilishwa kwenye kila kompyuta ya takwimu kabla ya programu yoyote kuwekwa.

Tena ziwa letu lina saa mbili. Sisi Tanzania tuko saa moja mbele ya Burundi, mbele ya Zambia, na mbele ya wenzetu wa ng'ambo kule Kalemie na Uvira. Takwimu zinavuka maji, na mara nyingi zinavuka ndani ya flashi. Flashi nyingi zimeandaliwa kwa mfumo wa zamani wa FAT32, ambao huandika saa ya mahali ilipotumiwa bila kusema ni mahali gani. Chukueni mfano huu. Mwenzetu wa Bujumbura anarekebisha jedwali saa nne na dakika ishirini asubuhi kwa saa yake. Kwetu hapo ni saa tano na dakika ishirini. Karani wa Kigoma alikuwa amegusa nakala yake ya jedwali hilohilo saa tano kasoro dakika kumi kwa saa yetu, yaani nusu saa kabla. Flashi ikifika Kigoma inasomeka saa nne na dakika ishirini. Programu inahesabu kwamba la Kigoma ndilo jipya, na marekebisho ya Bujumbura yanafunikwa, ingawa ndiyo yaliyokuja mwisho. Watu wawili waaminifu wamefanya kazi nzuri, na ya mmoja imepotea kwa sababu ya mpaka uliopita katikati ya maji.

Kwa hiyo nashauri, na hili nalitilia mkazo kuliko mengine yote: faili la takwimu liwe na mwenyewe mmoja. Jedwali la Kibirizi linaandikwa na karani wa Kibirizi tu. Wengine wote wanalisoma. Anayeona kosa anamwambia karani, naye analirekebisha kwenye toleo lenye jina jipya. Na jina la faili libebe mwalo, mwaka, mwezi na siku, ili hata saa ya mashine ikidanganya, jina liseme kweli. Mkiwa na mwandishi mmoja kwa kila faili, hamhitaji tena njia mbili. Njia moja inatosha: kutoka kwa anayeandika kwenda kwa anayetunza.

Programu za kufanya hivyo zipo, na nyingine ni za bure. Syncthing inafanya kazi kati ya kompyuta na kompyuta bila kupitia kampuni yoyote, na zikiwa kwenye mtandao mmoja wa ofisi haihitaji hata bando. Ina mpangilio wa folda ya kutuma tu kwa upande wa mwaloni, na ya kupokea tu kwa upande wa ofisi. Lakini angalieni: kupokea tu hakuzuii kufuta. Karani akifuta, ofisini nako kunafutika, isipokuwa mmewasha utunzaji wa matoleo ya zamani upande wa ofisi. Utunzaji huo huja umezimwa. Mtu lazima auwashe kwa mkono wake. FreeFileSync inafaa zaidi kwa diski ya nje, na sifa yake ninayoipenda ni kwamba hukuonyesha kwanza orodha ya yatakayonakiliwa, yatakayofunikwa na yatakayofutwa, ndipo ubonyeze. Someni orodha hiyo. Ukiona folda iliyokuwa na mafaili mia mbili inataka kufuta mia moja na tisini, simama hapo, ita mtu. FreeFileSync ina hali ya kioo, inayofanya upande wa pili ufanane kabisa na wa kwanza, na ina hali ya kusasisha, ambayo huongeza na kubadilisha bila kufuta. Kwa akiba chagueni kusasisha, na matoleo yanayofunikwa yapelekwe kwenye folda yake.

Vijana wanaopenda kuandika amri wenyewe nawaonya juu ya robocopy, iliyomo ndani ya Windows tayari. Alama ya /MIR huifanya ifute upande wa pili kila kisichokuwepo upande wa kwanza. Ukikosea ukataja folda tupu kama chanzo, akiba yako nayo itakuwa tupu kabla hujamaliza kikombe cha chai. Ongezeni /L kwanza. Itaorodhesha tu bila kutenda. Vivyo hivyo kwa rsync na alama yake ya kufuta.

Umeme nao usisahauliwe. Kigoma iliishi kwa jenereta za dizeli miaka mingi, na kukatika kwa umeme katikati ya kazi tunakujua sote. Faili likikatwa katikati ya kunakiliwa kwenye flashi linaweza kubaki na jina zuri na nusu ya mwili. Programu nzuri hunakili kwanza kwa jina la muda, ikimaliza ndipo inalipa jina lake. Kuburuta kwa kipanya hakukupi ulinzi huo, na kuchomoa flashi kabla ya kuiaga kompyuta ni kutafuta msiba uleule.

Nimetaja mara nyingi matoleo ya zamani, na baadhi yenu mtauliza ya nini kulundika makosa yaliyokwisha kusahihishwa. Jibu liko Ujiji. Msafiri Livingstone alipokuwa Nyangwe, ndani ya Kongo ya leo, mwaka 1871 aliishiwa karatasi, akaandika shajara yake juu ya kurasa za gazeti la zamani, kwa wino uliotengenezwa kwa matunda ya porini. Baadaye aliyanakili maandishi hayo kwenye jarida lake kubwa, lile ambalo Stanley, aliyemkuta hapa Ujiji mwishoni mwa mwaka huo, alilibeba kwenda Uingereza mwaka 1872. Kwa zaidi ya karne moja watu walisoma nakala. Zile kurasa za gazeti zilififia zisisomeke. Mwaka 2011 timu ya watafiti iliyoongozwa na Adrian Wisnicki ilitangaza kwamba imezisoma kwa kuzipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, na ikaonekana kwamba aliyoyaandika mara ya kwanza juu ya mauaji ya sokoni Nyangwe ya 15 Julai 1871 hayalingani na aliyoyanakili baadaye. Nakala ilikuwa imesafishwa. Kama kurasa zile zingetupwa kwa sababu jarida safi lipo, tusingejua kamwe. Tarakimu za samaki nazo husafishwa, wakati mwingine kwa nia njema, wakati mwingine kabla ya mkaguzi. Tunzeni toleo la kwanza, la pili na la tatu. Majedwali ni mafaili madogo. Miaka kumi ya mwalo mmoja haijazi hata kona ya flashi.

Na kaskazini yetu kidogo iko hifadhi ya Gombe. Tangu mtafiti Jane Goodall afike pale Julai 1960, sokwe wamefuatwa na kuandikwa, na waandishi wakuu wa daftari hizo wamekuwa Watanzania. Mei 1975 wanafunzi wanne walitekwa nyara na waasi waliovuka ziwa, wageni wakaondoka, lakini wasaidizi wa Kitanzania hawakuacha kuandika. Miaka ya 1990 daftari hizo zilianza kukusanywa na kuingizwa kwenye kompyuta Chuo Kikuu cha Minnesota chini ya Anne Pusey, kisha zikahamia Chuo Kikuu cha Duke. Goodall alifariki Oktoba 2025 na kazi inasomeka bado. Mtu anaweza kusikitika, nami nasikitika, kwamba mtoto wa Mwamgongo anayetaka kusoma alichoandika babu yake lazima aelekeze macho Marekani. Lakini mpango wenyewe ulikuwa sahihi kwa jambo moja: karatasi hazikuachwa mahali pamoja, kwenye unyevu wa ufukweni, zikisubiri bahati.

Maana ufukwe wetu hautulii. Zama za Livingstone maji yalikaribia penye mwembe ule wa makumbusho ya Ujiji. Leo unatoka pale kwenda ziwani kwa mwendo wa miguu. Halafu katika miaka hii, hasa 2020 na 2021, na tena 2024, ziwa likapanda, likaingia kwenye nyumba, bandarini na mialoni. Ofisi yenye kompyuta chumba hiki na diski ya akiba chumba cha pili, zote hatua chache kutoka majini, ina nakala mbili na bahati moja. Nakala ya tatu ikae juu mlimani: Gungu, au Kasulu, au popote maji hayafiki na mwizi wa ofisi ya chini hafiki.

Kuhusu wingu, litumieni kama nakala ya ziada, si kama nguzo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini zilikatika na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Hizo zilikuwa siku tatu kabla ya ziwa kufungwa. Aliyekuwa na majedwali mawinguni peke yake alibaki anaangalia duara likizunguka. Tena orodha za leseni zina majina na namba za simu za wavuvi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawadai mzilinde. Jedwali la kilo na orodha ya watu visikae folda moja, na diski yenye majina ya watu ifungwe kwa nywila ambayo watu wawili wanaijua, si mmoja anayeweza kuhamishwa kesho.

Diski ya akiba nayo isikae imechomekwa. Ichomekwe, ipokee, ichomolewe, ifungiwe kabatini. Iliyochomolewa haifikiwi na kirusi, wala na radi, wala na mkono wa mtu mwenye haraka. Muwe na diski mbili za kupokezana, moja ikiwa kabatini nyingine iko mlimani.

Kisha muijaribu. Hapa ndipo ofisi nyingi zinapoanguka, na hapa nyinyi mna kalenda ambayo ofisi nyingine hazina. Mwezi unapokuwa mpevu, taa haziwavuti dagaa, mitumbwi inapumzika na mwalo unapoa. Tumieni siku hizo. Kila mbalamwezi, mtu achague faili moja bila kupanga, alirudishe kutoka kwenye diski ya mlimani hadi kwenye kompyuta nyingine, alifungue, alinganishe tarakimu na daftari la karatasi. Akifanikiwa aandike tarehe na jina lake kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati. Asipofanikiwa, mmejua mapema. Na daftari za karatasi, tafadhali, msizichome kwa sababu zimekwisha kuingizwa kwenye kompyuta.

Kwa watafiti na maafisa mnaokaa meza moja na wenzenu wa Burundi, Kongo na Zambia chini ya Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, nina ombi la ziada. Kubalianeni kwamba mafaili yanayovuka ziwa yabebe ndani yake, kwenye safu ya kwanza ya jedwali, saa na jina la nchi ambayo saa yake imetumika. Ni safu moja tu. Na kila nchi ipeleke nakala kwa wenzake kwa kusoma tu, pasiwe na folda moja ambayo nchi nne zinaiandika kwa pamoja.

Haya yote yanahitaji diski mbili, betri chache, programu zisizolipiwa na mtu mmoja kwa kila mwalo aliyekabidhiwa kazi hiyo kwa barua. Pendekezo langu tuanze na Kibirizi na Katonga, ambazo ziko karibu, tuone kwa mbalamwezi tatu, ndipo twende Ujiji, Kagunga na Muyobozi. Kuweka mipangilio na kuwafundisha makarani nitafanya bila malipo. Mnachotakiwa kutoa ni vifaa na ruhusa. BMU itakayokuwa ya kwanza kunijibu nitaifikia jioni yoyote watakayonipangia, baada ya dagaa kuanuliwa.

Wenu,

Fundi kompyuta,
Mwanga, Kigoma